Tulipoufuata Mto Msimbazi Hadi Pugu

Mafuta machafu ya injini yakimwagwa juu ya maji yaliyotuama hutoa harufu nzito ya moshi na chuma, harufu inayoganda kooni. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya baba. Alirudi nayo nyumbani kila alasiri, kwenye kaptura yake ya kaki, kwenye vidole, hata kwenye mkate aliotumegea. Tulikuwa tukiishi Kariakoo, katika nyumba ya udongo yenye vyumba sita na ua mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, na baba alikuwa ameajiriwa na mji kuua mbu. Alizunguka mitaa na debe la mafuta begani na upawa wa bati mkononi, upawa ambao mwenyewe aliuunga mpini mrefu wa mwanzi. Kila penye maji alichota, akainamisha kichwa, akatazama kama kuna viluwiluwi. Kwenye mtaro alimwaga mafuta, na maji yakavaa ngozi nyembamba ya rangirangi ambayo sisi watoto tuliiona nzuri kupita kitu chochote mtaani. Kwenye mtungi wa mtu hakumwaga mafuta. Aliumwaga mtungi wenyewe, hata kama mwenye nyumba alikuwa amepanga foleni bombani tangu alfajiri. Ndiyo maana watu walimwita Bwana Mbu, wengine kwa utani na wengine kwa uchungu wa maji yao.

Mbu wenyewe hawakuwa na habari na kazi ya baba. Ikifika magharibi walitoka mabondeni huko Jangwani kama watu watokao kazini, wakaingia nyumba hadi nyumba. Kila familia ilikuwa na dawa yake. Jirani zetu walichoma makumbi ya nazi kwenye kigae na kukaa ndani ya moshi wakikohoa. Mama alitundika vishada vya kivumbasi dirishani, na kabla ya kulala alitupaka miguuni mafuta ya nazi aliyoyatia tone la mafuta ya taa, tukanuka kama taa mbili ndogo, mimi na mdogo wangu Shomari. Hapo sijataja kunguni, ambao kila Jumamosi walimwagiwa maji ya moto kwenye kamba za kitanda na kila Jumatatu walikuwa wamerudi. Tulikua tukijikuna. Sikumbuki kama tuliona ni taabu. Mtoto akizaliwa kwenye mvua hajui kuna watu wanaoishi pakavu.

Shomari alikuwa na miaka mitano, nami kumi. Alipenda samaki. Mama akirudi sokoni, Shomari alimlazimisha amfunulie kikapu awaone kabla hawajaparuliwa, na mara nyingi alilia wakikatwa. Masika ya mwaka huo, mvua ilipokuwa inanyesha siku nzima na hatuna pa kwenda, aliniomba nimtafutie samaki wake mwenyewe, mzima, wa kufuga. Nilichukua kopo tupu la maziwa nikachota maji kwenye dimbwi nyuma ya choo. Ndani yake mlikuwa na vijidudu vinavyopinda na kunyooka, vikishuka na kupanda. Nikamwambia, "Hawa hapa samaki wako. Bado wadogo." Mimi, binti wa Bwana Mbu, nilijua ni nini. Lakini alifurahi sana, na nikaona ni kosa dogo. Tulilificha kopo lile nyuma ya ua wa makuti, na kila asubuhi alikwenda kuchungulia na kuniletea habari kwamba wengine wameondoka. Nilimwambia wamekwenda baharini.

Homa ilimshika siku ya Jumanne. Jumatano jioni alipata degedege mikononi mwa mama, na Alhamisi kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Sitaki kuyaandika yaliyotokea kati ya siku hizo. Wengi wanayajua kutoka nyumba zao. Alizikwa siku ile ile, mvua ikiwa imekatika, na wanaume walirudi kutoka makaburini na matope mekundu hadi magotini. Katika matanga nyumba ilijaa watu, na katika kujaa kwao nilitoka nyuma nikalimwaga kopo lile mchangani, nikalikanyaga likawa bapa, nikalitupa chooni. Hakuna aliyeniona. Nilirudi nikaketi mkekani katikati ya wanawake. Walikuwa wakilia, nami nilijaribu kulia nikashindwa. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unauona, lakini si wako.

Waliokuja kutupa pole hawakuwa wabaya, ila midomo haina mlango. Niliwasikia uani, wakiosha masufuria. Mmoja alisema, "Kinyozi hajinyoi," na mwenzake akamnyamazisha kwa kiwiko. Nadhani baba naye alisikia, maana alikuwa amesimama kwenye kizingiti akisubiri maji ya kutawadha. Hakugeuka. Siku ya nne alivaa kaptura yake, akachukua debe na upawa. Mama alikuwa ameketi pale pale alipoketi tangu msiba, mgongo ukutani. Nilimpelekea uji. Hakuupokea. Alimwambia baba, bila kuinua macho, "Mchukue huyu. Siwezi kumtazama."

Basi nikajua kwamba amejua. Sikujiuliza amejuaje, mama hujua. Niliweka bakuli chini, nikavaa kanzu yangu ya pili, nikamfuata baba. Shule zilikuwa zimefungwa. Kuanzia siku hiyo, kwa muda wa wiki sita au saba, nilitembea.

Tulianza na mitaa ya kazi yake. Asubuhi tulipita sokoni, kati ya mafungu ya mihogo na nazi, tukafuata mitaro hadi Gerezani, kisha tukazunguka kuelekea Mchafukoge kwenye nyumba za Wahindi, zenye maduka chini na vibaraza vya mbao juu. Huko alikuwako mama mmoja wa Kihindu tuliyemwita Mama Bharati, kwa jina la binti yake. Familia yake iliuza vitambaa. Uani kwake palikuwa na mmea wao wa ibada, unaofanana na mrihani, kwenye chungu kilichokaa juu ya sahani, na maji ya sahani ile ndiyo yaliyokuwa ugomvi wao na baba kwa miaka. Baba mwenyewe alikuwa akitusimulia nyumbani, mama akicheka: Mama Bharati akimkataza asiuguse mmea, baba akijibu haugusi mmea, anagusa sahani, na kila mmoja akijitetea kwa sauti mpaka wateja wa dukani waje kuchungulia.

Siku hiyo alitufungulia mlango yeye mwenyewe, kabla hatujabisha mara ya pili. Sahani ilikuwa imekaushwa na kufutwa. Ndoo zote uani zilikuwa zimepinduliwa, mitungi imefunikwa kwa vitambaa vyeupe vilivyofungwa kamba.

"Nimesikia, Bwana," alisema. "Pole sana. Tazama popote unapotaka."

Baba alisimama katikati ya ua huo safi, upawa ukining'inia. Nilingoja aanze. Alitazama sahani ile kavu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ahsante, mama," akageuka. Hakukagua hata mtungi mmoja. Mama Bharati alinishika bega nikiwa mlangoni, akanitia mkononi chupa ndogo ya mafuta ya mwarobaini. "Paka miguu," alisema. "Na baba yako mpake." Nikasema ahsante. Yalikuwa machungu hata kunusa, na yalifanya kazi kuliko ya taa, lakini baba alikataa kupakwa. Alisema wamuume tu, hawana kwingine pa kula.

Baada ya hapo baba alianza kuvuka mipaka ya kazi yake. Alimaliza mitaro yake mapema, akaficha debe kwa rafiki yake fundi wa baiskeli pale Ilala, na tukaendelea na upawa tu. Siku moja tulikwenda Magomeni na kurudi kwa njia ya bondeni. Siku nyingine tulipita Kigogo hadi mashamba yasiyo na jina nililolijua. Bonde la Msimbazi siku zile lilikuwa na mpunga, na baada ya masika lilikuwa la kijani hadi macho yanakataa. Ukungu wa asubuhi ulilala juu ya mpunga kama shuka, yangeyange weupe wakasimama ndani yake kwa mguu mmoja, na minazi ng'ambo ya pili ikaonekana vichwa tu, bila mashina. Jua likipanda, maji yaliyokuwa yamejificha katikati ya majani yaliwaka yote kwa pamoja. Nayaeleza haya leo na najua yalikuwa mazuri. Wakati ule niliyatazama kama mtu anayetazama picha ya kalenda ukutani kwa jirani. Usubi walituingia machoni na masikioni, wadogo kuliko punje ya chumvi, na kila mmoja akiuma kama cheche. Nilijifunza kuvunja tawi la majani na kulipunga mbele ya uso nikitembea, na kutembea upande upepo unakotoka. Nilijifunza kutosimama. Baba hakunifundisha. Alichota maji, akatazama, akamwaga, akaenda mbele.

Jioni moja tukiwa njiani kurudi alisema, "Jumapili nitakwenda kuona yanakotoka."

"Nini, baba?"

"Haya maji. Miaka kumi na moja namwaga mafuta huku chini, na huko juu sijapata kufika."

Nikamwambia nitakwenda naye. Akasema ni mbali, ni kule Pugu, milimani. Nikasema nitakwenda. Hakukataa. Nafikiri hakuwa na nguvu za kukataa, nami sikuwa na mahali pengine pa kuwa.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, na mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa, chupa ya chai ya rangi, na upawa. Tuliufuata mto, mara karibu, mara kwa mbali penye matope. Tulipita Tabata, ambako siku hizo palikuwa mikorosho na vibanda vichache, na kila tulipokwenda mto ulikuwa mwembamba zaidi. Wakulima walitusalimu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia aliinua kichwa, nami nikamwamkia, "Shikamoo," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu, mnakwenda wapi na upawa?" Baba akajibu tunakwenda kuona chemchemi. Alitutazama kwa zamu, baba kisha mimi, akaacha jembe, akatuletea maji ya kunywa kwenye kata, na hakuuliza tena. Kwenye vichaka baada ya hapo walitujia mainzi wakubwa wa kahawia wanaopenya hata kitambaa. Nilijifunga khanga kichwani nikaacha macho tu. Mgongo wa fulana ya baba ulikuwa na madoa madogo ya damu, kama mtu aliyerushiwa rangi nyekundu.

Milima ya Pugu si mirefu, lakini kwa mtoto wa Kariakoo, ambako mlima mkubwa kabisa ni lundo la taka za soko, ilikuwa ajabu. Njia iliingia chini ya miti, pakawa na baridi na kivuli, na nyuma yetu, kwenye uwazi mmoja, niliona mji wote tulioutoka kama doa la kijivu, na baada yake ukanda wa bahari. Baba hakugeuka kutazama. Alikuwa akifuata kijito ambacho sasa ningeweza kukiruka. Ilikuwa kama saa nane mchana kilipotuishia. Hapakuwa na kitu cha maana: pahala palipolowa chini ya mizizi, maji yakichuruzika kutoka kwenye udongo mweupe, na shimo dogo lililojaa, kiasi cha sinia.

Baba alipiga magoti akachota. Maji yalikuwa maangavu, bati la upawa likaonekana hadi mwanzo wa mpini. Akamwaga. Akachota tena. Alichota labda mara thelathini, kila mara akiinamisha kichwa vile vile alivyokuwa akiinamisha kwenye mitaro ya Mchafukoge. Mwisho akasema, "Hakuna kitu," akaketi chini ya mti, miguu ameinyoosha. Mimi nilikaa mbali kidogo, nikafungua mihogo. Nilipomtazama tena niliona miguu yake imebadilika rangi. Ilikuwa myeusi hadi magotini, na weusi ule ulikuwa ukitembea.

Walikuwa siafu. Alikuwa ameketi katikati ya njia yao. Kila aliyewahi kuumwa na siafu anajua kwamba mtu hatulii. Mzee huvua nguo mbele za watu. Baba alikuwa ametulia, akitazama maji.

"Baba, siafu."

Akatazama miguu yake. "Kweli," alisema, na hakuinuka.

Nilimvuta mkono kwa nguvu zangu zote hadi akasimama, nikamtoa pale, nikaanza kumbandua mmoja mmoja. Waliniingia vidoleni, wakapanda mikononi mwangu. Siafu ukimvuta mwili hutoka, kichwa kikabaki kimeng'ata. Niliwabandua na kuwarusha, kumi, ishirini, sijui wangapi, na mikono ikaanza kuniwaka, na katika kuwaka huko kinywa kikafunguka. Nilimwambia habari ya kopo. Nilisema yote, wale samaki, nyuma ya ua, kwamba nilijua, kwamba nililimwaga baada ya mdogo wangu kufa, kwamba mama amejua ndiyo maana hataki kunitazama. Sikumtazama usoni. Nilikuwa nikisema na magoti yake.

Nilimaliza mguu mmoja.

"Nililiona," alisema.

Nikaacha kubandua.

"Kopo nililiona kabla ya homa, siku tatu nne. Nilikwenda nyuma nikamkuta amechuchumaa anazungumza nalo. Anawaita kwa majina. Nikasema nitalimwaga kesho akiwa amelala. Kesho yake nikasema kesho." Alipumua. "Nimemwaga maji ya watu mji mzima, Zuhura."

Hilo ndilo jina langu, na lilikuwa halijatajwa nyumbani tangu msiba, kama la Shomari lilivyokuwa halitajwi. Nikamuuliza kama mama anajua. Akasema mama hajui lolote. "Hawezi kukutazama kwa sababu umechukua uso wa mdogo wako. Macho yale yale. Si hasira." Kisha akainama, akaanza kuniondolea siafu mikononi, kwa vidole vyake vinavyonuka mafuta, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Hatukulia, yeye wala mimi. Tulikula mihogo tumesimama.

Hatukuweza kurudi kwa miguu. Kwenye barabara ya Pugu lori la mkaa lilitusimamia, na utingo akatupandisha juu ya magunia bila kutuuliza chochote, maana tulivyoonekana ilitosha. Tulifika Kariakoo kabla ya magharibi, weusi kwa vumbi la mkaa. Mama alikuwa uani. Alitazama miguu ya baba iliyovimba, kisha mikono yangu. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na sindano, taa na mafuta ya nazi. Alinikalisha mbele yake akaanza kutoa vichwa vya siafu vilivyobaki ndani ya ngozi, kimoja kimoja, akiniinua mkono kwenye mwanga. Ilimbidi anitazame. Alipomaliza mikono alinishika kidevu akanigeuza uso, kama anatafuta vingine huko, ingawa usoni hakikuwamo hata kimoja. Aliniangalia muda. Kisha akasema, "Nenda kaoge, kuna wali." Jumatatu baba alirudi kwenye mitaro yake peke yake, na shule zikafunguliwa.

Hatukumwambia mama, na baba aliishi miaka mingi baada ya hapo bila kulitaja tena. Binti yangu mmoja ni muuguzi. Aliwahi kunieleza, tukizungumza mambo mengine, kwamba mbu wa malaria hupenda zaidi madimbwi ya maji safi yanayopigwa jua, na kwamba wale wa makopo na maji machafu ya chooni huwa ni wa aina nyingine. Nikamjibu, "Kumbe." Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na sikuwa na wa kumpelekea habari hiyo. Usiku huo nililala kama kawaida.

Bonde lile leo lina nyumba, magereji na barabara pana, na masika ikija mto huchukua vitu vya watu. Pugu mtu anafika kwa gari kabla hajamaliza kuzungumza na simu yake. Chandarua chenye dawa tunapewa kliniki. Wajukuu zangu wakiniuliza mji ulikuwaje, huwaeleza ukungu juu ya mpunga na yangeyange, wananiambia nilikuwa na bahati. Siwabishii. Sijawaambia kwamba nilipita katika uzuri wote ule bila kuusikia, na kwamba kulia kwenyewe kulinijia miaka kumi na mbili baadaye, Magomeni, siku ya tatu baada ya kumzaa mwanangu wa kwanza. Nililia tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili, mume wangu akaenda kumwita mkunga, mkunga akasema ni uzazi. Mama alikuja kutoka Kariakoo kwa miguu. Aliwatoa wote chumbani, akampakata mtoto, akaniuliza, "Ni Shomari?" Nikaitikia kwa kichwa. "Mimi nilimaliza kulia wakati wewe na baba yako mnatembea," alisema. "Lia. Nitakaa."

Siku hizi msiba ukitokea mtaani kwetu, turubai hukodishwa, viti vya plastiki hupangwa, na watoto wa nyumba ile hupewa simu wachezee chumbani wasiwasumbue wakubwa. Mimi magoti hayaniruhusu tena kukaa mkekani na wanawake, kwa hiyo huomba kiti nikawafuate watoto huko chumbani. Sina la kuwaambia. Huwauliza tu aliyekufa alikuwa anaitwa nani, na wao, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, hunitajia jina.